Simu moja inaandika 4, nyingine inaandika 2: tumfuate nani tukiingia Lamu?

*"Mtaalamu, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi Lang'ata, Nairobi. Tulijifunza kuendesha boti ya tanga Ziwa Naivasha, na mwaka huu tumenunua, kwa kuchangiana na marafiki, boti ya futi 28 iliyoko Kilifi. Mkuku wake (pezi la chini ya boti) unashuka mita 1.5 majini. Tunataka kuipeleka Lamu mwezi wa Agosti watoto wakifunga shule, tukae wiki moja, kisha turudi nayo Kilifi. Tuna programu mbili za ramani kwenye simu. Mahali pale pale karibu na kuingia Lamu, moja inaandika 4 na nyingine inaandika 2. Mvuvi tuliyezungumza naye anasema hapo boti zinapita bila shida. Tumwamini nani? Na je, kuna ramani moja kamili tunayoweza kununua tukamaliza kazi?"*

Dada, salaam zimefika. Mna vyanzo vitatu vyenye majibu matatu, na mnatafuta cha nne kitakachowaamulia. Hicho cha nne hakipo. Pwani yetu haina ramani moja iliyokamilika, na hata ingechorwa leo, mchanga wa milangoni, yaani kwenye njia za kuingilia kutoka bahari kuu, hausubiri mchoraji. Kuna vyanzo kadhaa, kila kimoja na swali kinachoweza kulijibu, na nitavipitia. Ila kabla ya hapo kuna jambo ambalo hamkuuliza, nalo linanitia wasiwasi kuliko hizo namba mbili: kurudi Kilifi mwezi huo huo wa Agosti.

Ziwani upepo wa asubuhi si wa jioni. Baharini upepo hukaa miezi. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini, na mkondo wa pwani nao unakwenda kaskazini. Kadiri mnavyosogea kuelekea Lamu ndivyo kusi inavyopinda, ikatoka kusini moja kwa moja na wakati mwingine kusini-magharibi kidogo, yaani kule kule mtakakotaka kurudi. Fanyeni hesabu. Kilifi hadi Lamu ni maili za baharini 100 hivi. Boti yenu ikienda noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) na mkondo ukiwasukuma noti 1.5, mnasogea 6.5, na safari inaisha kwa saa 15 au 16. Wakati wa kurudi itabidi mbishe, yaani mwende kwa kukata kushoto na kulia dhidi ya upepo. Katika zile noti 5, mnachosogea kwenda kusini ni kama 3.5. Mkondo unawanyang'anya 1.5, mnabaki na 2. Maili 100 kwa noti 2 ni saa 50 za kupigwa na mawimbi usoni, na hapo mkondo ni wa wastani tu. Kusi ikikaza unaweza kupita noti 3, na hapo mtabisha mchana kutwa mkiuona mnara ule ule wa simu ufukweni.

Majahazi hayakuwa na injini, na ndiyo maana yalipanda na kusi yakashuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Ushauri wangu ni huo huo. Pandeni mwishoni mwa Agosti, au kwenye demani kusi inapolegea Septemba na Oktoba. Iacheni boti Lamu kwa mlinzi mnayemlipa, mrudi Nairobi kwa ndege au basi, kisha muishushe boti Kilifi kwa kaskazi likizo ya Desemba. Wazee wa pwani walihesabu majira haya kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo unasogea siku 11 kila mwaka na upepo hausogei nao. Kama hamwezi kuiacha boti Lamu, basi Agosti hii nendeni Malindi, maili 30 tu, ambako hata mkirudi kwa injini mtafika.

Sasa namba zenu. Kabla ya kuhukumu programu yoyote, fungueni mipangilio mwone kipimo. Ramani za zamani za pwani hii zilichorwa kwa pima, na pima mbili ni karibu mita 3.7. Inawezekana kabisa kwamba hiyo 2 ni pima na hiyo 4 ni mita, na simu zote mbili zinasema neno lile lile. Kosa hili ni la kawaida sana, na upande wake wa pili ndio wa hatari: mtu akisoma futi akidhani ni mita.

Mkikuta zote ziko kwenye mita, bado msishangae. Programu hizo hazikupima bahari. Zinachukua vipimo vya ramani rasmi, kisha kila kampuni inachora mistari ya kina katikati ya nukta kwa hesabu zake, na baadhi huongeza vipimo vya watumiaji waliopita na vyombo vyao. Manowari za Uingereza chini ya William Owen zilianza kuipima pwani hii miaka ya 1820 kwa bildi, kamba yenye risasi nchani. Bildi inakuambia kina pale ilipogusa. Kati ya mguso na mguso ni kukisia. Upimaji umeendelea tangu hapo, zaidi kwenye njia za meli kubwa, na pembezoni mwa njia hizo mara nyingi mnasoma kazi ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Kuikuza picha ya simu kwa vidole hakuongezi kipimo hata kimoja. Tafuteni mahali ramani inapotaja mwaka wa upimaji na daraja la uhakika wake: A ni nzuri, D ni ya kutilia shaka, U haijapangiwa daraja. Pakiwa na D au U, namba ichukueni kama fununu.

Tena, namba ya ramani si maji mtakayoyakuta. Inahesabiwa tangu maji yanapopwa kabisa, na juu yake mnaongeza maji ya saa hiyo. Naivasha haina kupwa wala kujaa, kwa hiyo hili jifunzeni upya. Kwa vipimo vya Mombasa, ambavyo havipishani sana na vya Lamu, bamvu (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) hujaa hadi karibu mita 3.5 juu ya alama hiyo na kupwa hadi 0.3. Maji mafu (yale madogo ya mwezi nusu) hujaa karibu 2.4 na kupwa karibu 1.3. Jedwali la mwaka linatolewa na Mamlaka ya Bandari. Kati ya kupwa na kujaa maji hayapandi sawasawa: yakiwa na mita 3 za kupanda kwa saa sita, saa ya kwanza hupanda robo mita, ya pili nusu, ya tatu na ya nne robo tatu kila moja, ya tano nusu, ya sita robo.

Kwa hesabu hiyo ugomvi wa simu zenu unayeyuka. Chukueni ile mbaya, mita 2. Mkipita maji mafu yakiwa yamejaa, mna 2 na 2.4, mita 4.4. Mkuku unataka 1.5. Toeni nusu mita kwa ajili ya bonde la wimbi la mita moja, toeni mita nzima ya tahadhari kwa mchanga uliohama, bado mmebaki na kitu. Mkipita na bamvu lililopwa, mita 2 ile ile inakuwa 2.3, na baada ya makato hayo hamna maji.

Jihadharini na saa. Nahodha wa Lamu akikuambia maji yanajaa saa nne, ni saa nne yetu. Jedwali litaandika 10:00. Hapo Mkenya hapotei. Anapotea pale programu inapokuwa kwenye saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu, na saa tatu ni nusu ya safari ya maji, mita moja na nusu kwenye bamvu. Hakikisheni kwa kukumbuka hili: pwani yetu bamvu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki mambo yamegeuka, maji mafu yanajaa saa nne. Programu ikiwaambia bamvu linajaa Mombasa saa saba mchana, saa zake zimekosewa.

Mvuvi wenu hakuwadanganya. Amejibu alichoulizwa. "Boti" kwake ni mashua au ngalawa, chombo kinachoelea kwenye maji ya goti na kikigusa mchanga kinalala ubavu kikingoja maji. Mkuku wenu ukigusa, boti inagongagonga hadi kitu kivunjike. Ulizeni namna hii: "Bamvu likipwa kabisa, mtu akisimama pale katikati ya mlango, maji yanamfika wapi?" Goti ni nusu mita, kiuno ni mita moja, kifua ni 1.3. Mnachotaka kusikia kwa kupwa ya bamvu ni kwamba mtu hasimami, anaogelea. Chukueni pia kamba, fungeni fundo mita 1.5 kutoka nchani, muinyanyue mbele yake: "Chombo changu kiko hivi chini ya maji." Uso wake utawajibu kabla ya mdomo. Waulizeni watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake, na ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) ya bandari husika ndiyo pa kuanzia. Ulizeni pia alama: mbuyu gani, mnara gani wa msikiti, mnara gani wa simu, na kipi kikishikana na kipi ndipo njia ilipo. Pigeni picha, andikeni pembe ya dira.

Usitegemee mno maboya. Hung'oka, husogea, taa zake huzimika. Mengine yakiwepo, kumbukeni rangi. Video nyingi za mtandaoni ni za Wamarekani, na kwao ukiingia bandarini boya jekundu linabaki kulia. Kenya tuko kwenye mfumo mwingine: ukitoka bahari kuu kuingia bandarini, nyekundu kushoto, kijani kulia. Aliyekariri video hizo anaweza kupita upande wa mwamba akiwa na uhakika kamili.

Kazi nyingine mnaweza kuifanya Nairobi, mezani. Wekeni OpenCPN, programu ya ramani za bahari, kwenye kompyuta, haina malipo, na mpandishe juu ya ramani picha za setilaiti za kila mlango mtakaoukaribia. Picha zilizopigwa maji yakiwa yamepwa na bahari tulivu zinaonyesha mwamba na mafungu waziwazi, nanyi mtaona pale ramani na picha zinapopishana. Someni pia Africa Pilot, kitabu cha mabaharia cha Admiralty ya Uingereza, juzuu la 3, inayoeleza pwani hii rasi kwa rasi. Mkinunua karatasi za Survey of Kenya kule Ruaraka ili kujua vilima na majengo, angalieni msingi wake wa vipimo. Nyingi za zamani zinatumia Arc 1960, na simu inatumia WGS84. Mkihamisha namba bila kugeuza, mnahama karibu mita 300 kaskazini au kusini, na hizo zinatosha kuwatoa katikati ya mlango na kuwaweka juu ya mwamba.

Halafu pandeni treni wikendi moja ya bamvu. Jumamosi saa nne asubuhi simameni ufukweni karibu na mlango wa Kilifi. Mwamba utakuwa uchi. Mtaona njia inapinda wapi, mawimbi yanavunjikia upande gani, wavuvi wanapitia wapi. Kila mlango mtakaoutumia ungestahili ziara kama hiyo.

Kuhusu siku ya kuondoka, chagueni maji mafu, siku moja au mbili baada ya mwezi nusu, karibu na tarehe 9 au 23 ya mwezi mwandamo. Sababu si kina tu. Maji yanapotoka kwenye hori (mkono wa bahari unaoingia bara) kwa kasi yakakutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika mlangoni hata pasipo mwamba. Alfajiri ya bamvu ndipo maji yanapotoka, kuanzia saa kumi hadi saa nne, na ndiyo saa ambayo wageni wengi hupenda kuondoka. Maji mafu yakiwa yamepwa saa kumi jioni, ondokeni saa kumi na nusu. Maji yanaanza kuingia polepole, jua liko mgongoni mkielekea mashariki, mwanga bado upo. Upepo wa alasiri huwa na nguvu, kwa hiyo punguzeni tanga mkiwa bado horini. Hifadhini njia mliyotokea kwenye simu, ni ramani bora ya kurudia. Mkienda hivyo, mnakaribia Lamu kuanzia saa mbili asubuhi, jua nyuma au ubavuni, maji yakipanda hadi saa nne. Mkiwahi kukiwa bado giza, kaeni nje kwenye kilindi mngoje. Msijaribu mlango wa Lamu usiku kwa kufuata mstari wa simu.

Usiku huo shida yenu kubwa itakuwa nyavu. Jarife hutegwa jioni na kuachwa hadi asubuhi, na boya lake mara nyingi ni mtungi wa plastiki usio na taa. Mashua nazo huwa na tochi tu, inayowashwa wakiwaona. Zunguka mbali na Ghuba ya Ungwana badala ya kukata ndani yake. Ni maji mafupi, yenye wavuvi wengi, na mito ya Sabaki na Tana humwaga matope pande hizo. Mvua zikinyesha bara mtaona maji ya kahawia mbali na pwani, wakati mwingine na magogo. Kwenye maji hayo macho hayasomi kina.

Kwenye maji safi macho ndiyo chombo bora mlicho nacho. Mmoja asimame omo, mbele ya boti, amevaa miwani ya poloroidi, mwingine ashike usukani, mwendo noti 2 au 3. Buluu nzito ni kilindi, kijani ni maji ya wastani, weupe ni mchanga, kahawia ni mwamba ulio karibu. Doa jeusi linaweza kuwa majani ya bahari au kivuli cha wingu, kivuli kinatembea. Mkono juu maana yake simama, na mkubaliane ishara hizo Kilifi, kwa sababu kwenye upepo hamtasikilizana.

Tengenezeni na bildi yenu: kamba ya mita 20, fundo kila mita, kilo moja ya risasi yenye kishimo chini. Shindilieni kishimo kwa sabuni ya mche, nayo itapanda na chembe za sakafu: mchanga unashika nanga, matumbawe hayatiwi nanga. Tumieni bildi hiyo kukagua mashine ya kupimia kina. Mashine nyingi hupima kuanzia pale zilipofungwa, wala si kwenye ncha ya mkuku, na tofauti inaweza kufika mita moja. Simu na spika ziwe mbali na dira, sumaku zake huivuta.

Sasa niseme wazi. Kwa watu waliojifunza ziwani, ambao hawajasafiri usiku wala kupita mlango wenye mwamba, safari hii isiwe ya kwanza kufanywa peke yenu. Chukueni nahodha mwenye cheti na uzoefu wa boti za mkuku kwa safari nzima ya kupanda, kisha Lamu mchukue rubani wa hapo hapo wa kuwaingiza. Ni kazi mbili tofauti: mmoja anaijua boti, mwingine anaujua mchanga wa mwaka huu. Rubani akutane nanyi nje kwa mashua, mkiwa mmepatana malipo kwa simu siku iliyotangulia, chakula na nauli ya kurudi vikiwemo, na jaketi la kuokolea la kimo chake liwe tayari. Utabiri wa bahari chukueni Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, siku tatu mfululizo kabla ya kuondoka, muone kama unatulia au unakaza. Boti iwe imekaguliwa na kuwa na leseni ya Mamlaka ya Bahari (KMA), redio ya VHF iwe kwenye chaneli 16, na mtu mmoja Nairobi awe na karatasi yenye saa mtakayotarajiwa na namba ya kituo cha uokoaji baharini kilichoko Mombasa. Kupita Lamu kuelekea Kiwayu na Kiunga ni suala la usalama wa mpaka. Ulizeni Walinzi wa Pwani na utawala wa Lamu, na wakisema hapana, mwisho uwe hapo.

Mkifika Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, mtaona mahali pazuri, maji mita 3.5, na mtatia nanga mkiwa mmechoka. Ngojeni. Mmefika maji mafu yakiwa yamejaa, na mnataka kukaa wiki moja. Wiki hiyo itawafikisha kwenye bamvu, na saa ile ile ya nne asubuhi hapo mlipo patakuwa na zaidi ya mita mbili pungufu. Mita 3.5 inabaki 1.4, na mkuku wenu ni 1.5. Tieni nanga penye mita 5 au zaidi kwa saa hiyo ya kufika, mzungushe bildi pande zote boti itakapoweza kugeukia, ndipo mshuke pwani.